Jiwe Jeusi Halimlindi Mtazamaji wa Nyoka

Kila mwaka, kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapoingia Bukavu na watu kuanza kupanga matembezi ya kuwatazama vinyonga, mijusi na nyoka wanaotoka kuota jua, swali la kwanza linalowafikia wataalamu wa wanyama hao si mahali pa kwenda wala saa ya kuondoka, bali ni wapi panapouzwa jiwe jeusi la kubeba mfukoni. Jibu limekwisha kutolewa mara nyingi mno, na litatolewa tena hapa bila kupunguzwa makali: jiwe jeusi halitibu sumu ya nyoka, na anayelitegemea badala ya kujifunza jinsi jua linavyowaongoza wanyama hawa amejiongezea hatari.

Nyoka, mijusi, kobe na vyura huitwa wanyama wa damu baridi kwa sababu miili yao haitengenezi joto la kutosha, hivyo hulazimika kulichukua kutoka kwenye jua, jiwe, ukuta au maji yaliyopata moto. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na usiku wa kiangazi usipokuwa na mawingu ardhi hupoteza joto lake angani, ndiyo maana alfajiri huwa na baridi kali ilhali saa chache baadaye ukuta unaotazama mashariki umekwisha kushika moto. Mjusi wa mchana, ambaye hukimbia na kuwinda vizuri mwili wake unapokaribia nyuzi 35 za Selsiasi, hana namna ya kufika hapo ila kwa kujibandika kwenye ukuta huo. Katika nyanda hizi za juu hata uzazi umefungamana na jua: kinyonga Trioceros rudis na nyoka wa kijani wa mafunjoni, Atheris nitschei, hawatagi mayai, bali jike hubeba watoto tumboni na kuwapasha joto kwa kujianika, nafasi ambayo yai lililozikwa katika udongo baridi lisingeipata. Ni jambo la kustaajabisha kweli, na linastahili maswali mengi zaidi kuliko lile la jiwe.

Usalama nao unaanzia hapo hapo. Nyoka aliyekwisha kupata joto husikia mtikisiko wa hatua na mara nyingi huondoka kabla hajaonekana, lakini yule ambaye misuli yake bado ni baridi hawezi kukimbia upesi, kwa hiyo hubaki alipo, na akikanyagwa au akiguswa hujitetea kwa meno. Mtu anayepekua rundo la mawe kwa mikono mitupu saa kumi na mbili asubuhi, akiamini kwamba baridi imewaondoa nyoka wote, anaipeleka mikono yake mahali ambapo nyoka hana njia nyingine ya kujiokoa.

Sasa jiwe lenyewe. Kitu hicho, ambacho wakazi wengi wa mjini hukitaja kwa jina la Kifaransa, pierre noire, kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa cheusi, na kimesambaa Afrika ya Kati kwa miaka mingi kupitia mikono ya wamisionari, wauguzi na wachuuzi. Maelezo yake hayabadiliki: jeraha lichanjwe kidogo mpaka damu itoke, jiwe libandikwe, nalo litang'ang'ania hadi limalize kunyonya sumu, kisha litaanguka lenyewe na kusafishwa kwa maji ya moto na maziwa. Kung'ang'ania ni kweli, lakini sababu yake ni vitundu vidogo vilivyoachwa na moto ndani ya mfupa, ambavyo huvuta majimaji ya damu na kulishikisha jiwe na ngozi. Vitundu vikijaa au damu ikikauka, jiwe huanguka. Lingefanya hivyo hivyo kwenye kidonda cha kisu, na hakuna awezaye kudai kwamba kisu kina sumu.

Sumu haikai juu ya ngozi ikingoja kunyonywa. Meno ya nyoka huiingiza chini ya ngozi, na pengine ndani ya msuli, ambako protini zake huanza mara moja kushikamana na tishu na kusafiri kwa damu na kwa limfu, yaani majimaji yanayopita katika mishipa yake yenyewe kabla ya kurudi kwenye damu. Kipande cha mfupa kilichowekwa juu ya chale ya juu juu hakiwezi kuzifuata huko. Mwaka 1671 Mwitaliano Francesco Redi alichapisha barua aliyomwandikia padri Mjesuiti Athanasius Kircher, akieleza majaribio aliyoyafanya kwa mawe ya nyoka yaliyoletwa kutoka India na jinsi yalivyoshindwa kuokoa. Mwaka 2007 jarida la Toxicon lilichapisha jaribio lililofanywa kwa panya kuhusu jiwe jeusi la Afrika dhidi ya sumu za nyoka watatu, wakiwemo bafe, Bitis arietans, na swila atemaye sumu, Naja nigricollis. Jiwe halikuonyesha faida. Zaidi ya karne tatu zimepita kati ya majaribio hayo mawili, na jiwe bado linauzwa.

Linauzwa kwa sababu lina mashahidi, na mashahidi hao si waongo. Nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye sumu kali mara nyingine huuma bila kuitoa, hali ambayo madaktari huiita uumaji mkavu, kwa hiyo mgonjwa ambaye angepona bila kufanyiwa lolote hupona akiwa na jiwe mguuni, na sifa yote huliendea jiwe. Waliozikwa na jiwe hawana wa kuwasemea. Ubaya wenyewe ni saa zinazopotea familia ikilitazama jiwe lianguke, huku sumu ya baadhi ya swila ikilegeza misuli ya kupumulia, au sumu ya bafe ikizuia damu kuganda na ile chale ya wembe ikiendelea kuvuja. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Ni kweli kwamba seramu, yaani dawa inayofungana na sumu mwilini, ni ghali na haba, hasa tangu kampuni ya Sanofi ilipoacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014. Lakini uhaba wa dawa hauigeuzi mfupa kuwa dawa.

Aliyeumwa alazwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye gango kisitikisike, asichanjwe, asikazwe kamba, asipakwe mafuta ya taa, apelekwe hospitali mara moja. Macho yaliyotemewa sumu yaoshwe kwa maji mengi.

Anayetaka kuwaona wanyama atoke kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku ya jua iliyofuata usiku wa baridi, avae viatu vya kufunika vifundo, abebe darubini, asiruhusu kivuli chake kimwangukie mjusi, na kila jiwe aligeuze kwa fimbo, kisha alirudishe. Kuta za mawe, kingo za njia na mafunjo ya ufukweni mwa Ziwa Kivu yanatosha. Katika hifadhi ya Kahuzi-Biega haingiwi bila walinzi wake. Kobe wa majini atafutwe Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, karibu mita 700 chini ya Ziwa Kivu na kwenye joto zaidi, ambako Pelusios sinuatus hupanda juu ya magogo na miamba kujianika. Vinyonga huonekana kirahisi usiku kwa tochi, kwa kuwa hulala kwenye ncha za matawi wakiwa wamepauka, na vyura wasubiriwe mpaka mvua za Septemba.