Kubaki Baraka

Mgeni akihamia Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, huulizwa maswali matatu hata kabla ya kupewa maji: jina lako nani, ukoo wako upi, na unasali wapi. La tatu halina uchokozi wowote. Anayeuliza anataka kujua ni akina nani watakaokuja ukiugua, ni kwaya ipi itakayoimba ukifiwa, na ni mchungaji au katekista yupi wa kuitwa siku utakapokosana na mkeo. Unaweza kujibu kwamba huna mahali unaposali. Hakuna atakayekushangaa usoni, ila kesho yake mama wa nyumba ya pili atapita kukusalimu, na Jumapili inayofuata atapita tena, safari hii amevaa kitenge cha kwaya yake, aulize kama uko tayari.

Majibu ya swali hilo ni mengi kuliko unavyotazamia katika mji wa kiasi hiki. Mkatoliki hutaja parokia na shirika lake, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mprotestanti mara nyingi hutaja namba: tano ni CELPA, nane ni CEPAC. Namba hizo zilianza enzi za Mobutu, Waprotestanti walipokusanywa wote chini ya Kanisa la Kristo katika Zaire na kila jumuiya ikapewa yake. Wapo Wamethodisti Huru, wenye hospitali pale Nundu, njia ya kwenda Uvira. Wapo Waadventista, Wakimbangu, na vikundi vya uamsho vinavyozaliwa na kugawanyika kila mwaka. Na wapo Waislamu, watu wa siku nyingi hapa, kwa kuwa dini yao ilivuka ziwa pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19.

Kwa hiyo anayesema habari ya kuishi Ukristo bila woga na kuwashirikisha wengine, huku Fizi, eneo ambamo Baraka imo, anasema na watu ambao karibu wote wana dini tayari. Hakuna anayeingia kijijini na habari ngeni. Habari inajulikana tangu babu zetu; kinachopimwa ni aliyeileta.

Na mahali anapopimiwa ni kilioni.

Mtu akifa, kiwanja cha nyumba yake hugeuka makao ya mtaa mzima. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, wanaume huketi upande mmoja kando ya moto na wanawake upande wa pili karibu na mwili, hata baada ya maziko watu wakaendelea kulala pale kwa siku kadhaa. Wanawake huja na unga wa muhogo kichwani, sombe, mafuta ya mawese, ndakala waliokaushwa juani. Vijana hutumwa kuni na maji. Usiku kwaya hupokezana. Kwaya ya marehemu huanza, maana ni haki yake, kisha hufuata kwaya ya mkewe kama anasali kwingine, kisha za jirani. Katikati ya nyimbo mtu husimama akasema Bwana Yesu asifiwe, watu wakaitika amina, naye akatoa neno au ushuhuda.

Hapo ndipo Injili inaposikiwa na wasiokanyaga kanisani: mlevi wa mtaa, mwalimu aliyegombana na paroko, mjomba Mwislamu aliyekuja kumzika dada yake. Hakuna aliyewaalika kwenye mkutano. Wamekuja kwa sababu ya udugu, na neno linawakuta wameketi. Lakini linawakuta pamoja na msemaji wake. Yule mama anayemdai mhubiri fedha za samaki yuko palepale, anaosha sufuria, naye anasikiliza kila neno. Wapo walioachwa na mhubiri huyo bila msaada mwaka jana, na wapo aliowabeba kwenye kitanda cha miti hadi hospitali. Uwanjani mbele ya umati usiokujua unaweza kusema lolote ukapigiwa makofi. Kilioni kila ushuhuda una mashahidi wake, na aliyefika kuhubiri tu, asiyebeba hata kuni moja, atasikilizwa kwa adabu, yaishie hapo.

Sidhani kama jambo hili lililetwa na wamisionari. Katikati ya kijiji cha Kibembe palikuwa na lubunga, kibanda cha wanaume. Hapo walikula pamoja, hapo kesi zilikatwa, na hapo mgeni alilishwa kabla hajaulizwa shida yake. Neno la mtu kwenye lubunga lilikuwa na uzito kulingana na alivyoishi na wenzake, basi. Kanisa lilipoingia lilikuta kipimo hicho kimekwisha wekwa, likajaribiwa nacho kama wengine.

Lenyewe liliingia kwa tabu. Mapadri Weupe walifika upande huu wa ziwa mwaka 1880, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Kibanga kwenye ghuba ya Burton, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya kardinali wao, Lavigerie. Homa na vifo viliwasumbua, na kabla ya karne kwisha walikuwa wameihama. Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, Injili yao ikashuka kusini kwa miguu ya wainjilisti wenyeji ambao majina yao hayajaandikwa popote isipokuwa katika kumbukumbu za familia. Kwa Wakristo hao wa kwanza, ujasiri ulihitajika zaidi nyumbani kuliko kwa Mzungu. Mzee akikuita uingie katika chama cha bwami, kilichoshika heshima yote ya nchi, ukakataa, ulikuwa umemkataa yeye na mababu zake. Wapo waliokataa wakatengwa, na wapo waliokubali huku wakiendelea kupokea komunyo kimyakimya. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho, jambo ambalo halikumsaidia Mkristo hata kidogo: imani yake sasa ilionekana kuwa rafiki wa polisi. Nadhani madhara ya urafiki ule yalidumu muda mrefu, na yalionekana mwaka 1964.

Mwaka huo waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, waliishika Fizi yote. Misheni za Kikatoliki za huku zilikuwa mikononi mwa Wasaveriani, shirika lililoanzishwa na Guido Maria Conforti huko Parma, Italia, mwaka 1895, ambalo lilikuwa limefika Kongo mwaka 1958. Mwezi Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua Stanleyville, Kisangani ya leo, na hasira dhidi ya kila mtu mweupe ikapanda. Mapadri wa Baraka na Fizi walijua hatari iliyokuwa mbele yao. Walibaki.

Tarehe 28 Novemba 1964, mchana, kiongozi wa waasi Abedi Masanga alisimamisha jeep mbele ya misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30, aliamriwa apande; alipokataa alipigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu. Alitoka, akaona mwili wa mwenzake, naye akaamriwa kupanda. Alijibu kwamba kama ni kufa, afadhali afe hapo pamoja na ndugu yake, akapiga magoti, akauawa. Jioni jeep ilifika misheni ya Fizi mjini, juu mlimani. Masanga aligonga mlango wa mapadri. Giovanni Didonè alifungua, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Baada yake akauawa Padri Albert Joubert.

Huyu wa mwisho ni wetu kwa namna ya pekee. Baba yake, Kapteni Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akaja Tanganyika kulinda misheni dhidi ya wawindaji wa watumwa. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwenyeji wa pande za Moba. Albert alizaliwa mwaka 1908, akapata upadri mwaka 1935, akazeeka kando ya ziwa hilihili akisema lugha zake. Hakuwa na ndege ya kumrudisha Ulaya wala sababu ya kwenda huko. Anaposimuliwa pamoja na Waitaliano watatu kama mgeni aliyefia ugenini, huwa nasikia kosa.

Desemba 2023 Papa Francisko aliidhinisha hati ya kifodini chao, na tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo akawatangaza wenyeheri mjini Uvira. Nilisikia wakisifiwa sana siku zile kwa jinsi walivyokufa. Watu wazima wa Baraka nao huwasifu, ila kwa maneno mengine: hawakukimbia. Katika nchi ambayo kila mwenye gari ameondoka mara moja au mbili, hiyo ndiyo sifa kubwa unayoweza kumpa mtu.

Baada ya mauaji yale ya 1964 Fizi ilikaa miaka mingi bila padri wa kudumu katika vijiji vyake vingi. Sehemu zake za milimani zikawa maskani ya waasi, na Laurent-Désiré Kabila akajenga himaya yake huko. Hata Che Guevara alishuka Kibamba, ufukweni mwa ziwa letu, mwezi wa Aprili 1965 kufundisha mapinduzi, akaondoka Novemba amekata tamaa nasi. Katekista hakuondoka. Yeye na mzee wa kanisa la Kiprotestanti, kila mmoja upande wake, walizika, walibatiza watoto waliokuwa wanakufa, walifundisha sala msituni kwa sauti ya chini. Hawakulipwa. Wengi walilima muhogo wao alfajiri ndipo wakashika kengele, ambayo mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma cha gurudumu kilichotundikwa mtini. Kama kuna watu wanaoudai Ukristo wa Fizi sanamu, ni hawa, na wake zao waliokuwa wakipika kwa ajili ya kila aliyepita.

Siku hizi tuna vipaza sauti. Saa kumi usiku kijana hupita barabara kuu na megafoni akitangaza moto wa jehanamu kwa watu waliorudi kuvua mikebuka saa moja iliyopita. Yeye huita kazi hiyo ujasiri, na vijana wenzake humsifu kwa hilo. Mimi naona ujasiri kidogo sana katika kumwambia mtu maneno makali asipoweza kukujibu wala kuiona sura yako. Wazee wa makanisa wamejaribu kuwatuliza, si kwa kuwakataza kuhubiri bali kwa kuwaambia waende mchana, wakae, wale bugali na mwenye nyumba, wamsikilize kwanza. Vijana wengine huelewa. Wengine hufungua kanisa lao.

Na Waislamu wa mtaa? Nao wana spika. Hili huzua maneno pande zote mbili, lakini sijaona likivunja udugu. Siku ya Idi sahani hupita juu ya ua kwenda kwa Wakristo, na Noeli hurudi. Mtu wa ukoo mmoja kuwa Hassani na ndugu yake kuwa Yohana ni jambo la kawaida Baraka, na mjadala wa dini kati yao hufanyika wakishona nyavu, bila hakimu. Hapo pia Mkristo husema anachoamini bila kuficha. Husema kwa sababu kesho wataingia ziwani katika mtumbwi mmoja na hana haja ya kushinda leo.

Kuna kilio kimoja, hata hivyo, ambacho wengi wetu hatuendi. Juu, katika nyanda za Minembwe na Itombwe, watu wetu Wabembe na majirani zao Wanyamulenge wamechomeana vijiji na kuibiana ng'ombe kwa miaka mingi, pamoja na makundi yao ya silaha na majeshi yaliyoyapa nguvu. Karibu wote ni Wakristo. Wapo wanaotaja namba ileile ya kanisa, nane kwa nane. Kumhubiria Mwislamu wa mtaa wako ni rahisi kuliko kupanda mlima na unga kichwani kwenda kumlilia marehemu wa upande ule, halafu kurudi na kuulizwa na ndugu zako ulikuwa wapi. Makobola nayo, kijiji ambako mamia waliuawa mwaka 1998 ukiisha na 1999 ukianza, bado ina wajane, na si haki mtu asiyefiwa awafundishe kusamehe kwa megafoni. Lakini wachungaji na mapadri wanaoweza kulitaja jina la jirani wa mlimani katika sala ya Jumapili, waziwazi, kusanyiko likiwa limejaa, ni wachache. Hao ndio ningewaita majasiri.

Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wetu ziwani kwa makumi ya maelfu, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kule walijenga kwanza makanisa ya udongo, na mashirika na kwaya zikapata majina yaleyale ya nyumbani. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka, na wengine, hasa baada ya 2015, walipelekwa Marekani. Huko nyimbo za usiku kucha zina shida: nyumba ni ya kupanga, ukuta ni mwembamba, na jirani asiyejua kilio ni nini huita polisi. Kwa hiyo hukodi ukumbi wa kanisa la wenyeji, huimba hadi saa tatu usiku, hufagia, hurudisha funguo. Na mtu akifa huku Baraka, wao huchanga huko, hutuma fedha kwa simu, kisha kwaya yao huimba kupitia simu hiyohiyo huku kijana akiishika karibu na kipaza sauti cha kiwanjani. Wazee bado wanabishana kama aliyefanya hivyo ahesabiwe kuwa amefika kilioni. Wengi husema amesaidia sana, ila hajafika.