MWALIMU WA TIMU APEWE WAKATI

Kila ligi inapomalizika, vilabu vingi hujibu kushindwa kwa namna moja tu: mwalimu wa timu hufukuzwa. Viongozi hubaki, na makosa yao hubaki nao. Kwa wasomaji wetu wa Visiwani, na hasa kwa maofisa waliokabidhiwa dhamana ya michezo Serikalini, tunaona yafaa kuzieleza habari za Krum Milev wa Bulgaria.

Milev, aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa winga wa klabu ya Slavia ya mjini Sofia. Mwaka 1948 alikabidhiwa timu ya jeshi, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la CSKA. Timu hiyo iliundwa mwezi Mei mwaka huo huo na papo hapo ikatwaa ubingwa wa nchi. Mwalimu mpya, basi, alirithi kombe pamoja na matarajio makubwa. Lakini mwaka 1949, na tena mwaka 1950, ubingwa ulichukuliwa na mahasimu wao, Levski. Kwingineko angekwisha kufungishwa virago. Milev aliachwa aendelee na kazi.

Matunda ya subira hiyo yalionekana. Timu ilitwaa ubingwa mwaka 1951 na 1952. Ikaukosa mwaka 1953. Kisha kuanzia mwaka 1954 hadi 1962 ikautwaa mara 9 mfululizo. Katika miaka yake 16 Milev alipata ubingwa mara 11 na kombe la taifa mara 4. Mwaka 1956 vijana wake waliifunga Dinamo ya Bucharest mabao 8 kwa 1 katika Kombe la Ulaya. Mwaka huo huo baadhi yao, akiwamo winga hodari Ivan Kolev, walikuwamo katika timu ya Bulgaria iliyopata medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba timu ya jeshi ilikuwa na upendeleo. Vijana hodari walioitwa jeshini waliweza kuvalishwa jezi yake, na vilabu vingine havikuwa na njia hiyo. Hata hivyo, wachezaji wazuri peke yao si timu. Wanahitaji mtu wa kuwaunganisha, na kazi hiyo haimalizwi kwa msimu mmoja.

Msimu wa 1963-64 timu iliporomoka hadi nafasi ya 11, na Milev akaondolewa. Hatusemi kwamba mwalimu asiguswe milele. Tunasema kwamba alipimwa kwa kazi ya miaka, si kwa mechi mbili tatu, na kwamba alichokijenga hakikuondoka naye. Mmoja wa wachezaji wake, Manol Manolov, ndiye aliyekuwa mwalimu wa CSKA ilipoing'oa Ajax, bingwa wa Ulaya, mwaka 1973.

Mvumilivu hula mbivu. Tunawaomba wenye mamlaka juu ya michezo wavitake vilabu kuwapa walimu mikataba ya miaka isiyopungua mitatu, na kabla ya kumwondoa mwalimu, kamati ieleze kwa maandishi ni lipi alilopewa na ni lipi alilonyimwa. Huenda kamati nyingine zikagundua kwamba anayestahili kuondoka si mwalimu.