Hoteli Boston, Kisha Majani Mekundu: Jinsi Pesa Zetu Zilivyokwama Katikati

Kwenye duka la mamangu kule Thika kulikuwa na kalenda ya 2016 ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitoa ukutani. Tarehe zilishapitwa zamani, lakini ukurasa wa Oktoba ulibaki wazi miaka yote: barabara nyembamba katikati ya miti myekundu, ya manjano na ya rangi ya chungwa, utadhani msitu mzima umeshika moto bila moshi. Chini yake kumeandikwa New Hampshire. "Siku moja," angesema huku akimpimia mteja sukari, na sisi watoto tungecheka.

Oktoba iliyopita tulienda. Tulipanga kulala hotelini Boston usiku tatu, kisha tukodi gari na kuelekea kaskazini kuyaona hayo majani. Safari ilikuwa tamu, sitadanganya. Lakini kati ya hoteli na gari kuna siku moja iliyotuponyoka, na haikuwa kwa kukosa pesa. Pesa zilikuwepo. Kuzifikia ndiko kulikotushinda. Na kwa kuwa kazi yangu hapa ni kuwaandikia wateja kuhusu matumizi ya pesa za simu, aibu yangu ni mara mbili. Wacha nikusimulie, hasa kama una mpango wa safari ya aina hii.

Majani hayamngojei mtu

Kwanza tarehe, kwa sababu tarehe ndiyo inayoamua bei. Sisi tukisema vuli tunafikiria mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kule ni msimu wa miti kujiandaa kwa baridi. Siku zinapofupika, klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjika na rangi ya manjano iliyokuwa imejificha chini yake hujitokeza. Ni jamii ya rangi ile ile inayopatikana kwenye karoti. Nyekundu ni tofauti, maana mti huitengeneza wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila kuganda, nyekundu hukolea. Hodari wao ni mepoli, mti ambao utomvu wake huchemshwa ukawa sharubati nzito.

Rangi huanzia kaskazini na juu milimani, halafu hushuka. Kwenye milima ya White Mountains huko New Hampshire, kilele huwa kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Boston kwenyewe husubiri hadi mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Kwa hivyo ukiona Boston bado kijani usihuzunike, na pia usiahirishe milima.

Sasa angalia kalenda yao. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na wikendi hiyo kila mtu wa Boston anakumbuka kwamba ana gari. Baadaye mwezi huo huo kuna mashindano makubwa ya kupiga makasia kwenye Mto Charles, na vyumba vya mji hupanda bei tena. Sisi tulichagua wiki ya kwanza, tukafika mjini Jumanne. Katikati ya wiki ni nafuu. Hapo tulifanya vizuri, kwa hivyo nipe maksi zangu kabla hujasoma yanayofuata.

Viza ianze mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu foleni ya miadi inaweza kuwa ndefu. Ada ya ombi ni dola 185, na hairudishwi ukinyimwa. Usilipie hoteli isiyorudisha pesa kabla pasipoti haijarudi mkononi na viza ndani yake.

Bei unayoiona na bei utakayolipa

Hoteli ya Boston ikiandika dola 250 kwa usiku, hiyo si bei. Kodi za chumba hukaribia asilimia 15 au kupita kidogo, na hujitokeza mwishoni ukiwa karibu kubonyeza kitufe cha kulipa. New Hampshire kodi ya vyumba na chakula ni asilimia 8.5, na ukinunua sweta dukani hakuna kodi ya mauzo kabisa. Mama alinunua mbili.

Tovuti nyingi za kuhifadhi vyumba zitakuuliza kama ungependa kulipa kwa shilingi. Inavutia, unaona hesabu moja kwa moja. Linganisha kwanza. Mara nyingi ubadilishaji huo una faida yao ndani yake, na kulipa kwa dola huwa afadhali. Sisi tulikokotoa dola moja kwa Sh130 ili tusijidanganye.

Chumba na gari nilivilipia kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya simu. Kwa kazi hiyo kadi hii ni nzuri sana: unaweka kiasi unachohitaji tu, unalipa, unaifunga. Kumbuka tu vikomo. Kwenye pesa za simu hapa Kenya mwamala mmoja mara nyingi hauzidi Sh250,000 na salio halizidi Sh500,000, kwa hivyo bili kubwa ya familia igawe siku tofauti.

Wiki moja kabla ya safari nilipata ujumbe wa WhatsApp ukisema chumba kitafutwa nisipothibitisha kadi yangu kupitia kiungo fulani. Jina la hoteli lilikuwa sahihi, na tarehe pia. Nilipiga simu hotelini kwa nambari ya tovuti yao wenyewe, na hawakujua lolote. Ukipata wa aina hiyo, fanya hivyo hivyo.

Usiku tatu mjini

Boston ni mji wa kutembea kwa miguu. Kuna mstari mwekundu chini, sehemu kubwa yake ukiwa wa matofali, unaokupitisha karibu kilomita 4 kwenye majengo ya zamani ya historia yao. Ukifuata huo hupotei. Treni yao ya chini ya ardhi, ambayo wao huiita T, ina sehemu iliyofunguliwa 1897, ya kwanza nchini Marekani. Basi la Silver Line kutoka uwanja wa ndege wa Logan kuja mjini ni bure. Sisi tulitua New York na ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, tukamalizia kwa basi la saa nne na ushee.

Mtaa wa Boylston tuliutafuta kwa makusudi. Mstari wa kumalizia marathoni umechorwa barabarani na hubaki pale hata baada ya mbio za Aprili. Mama alisimama kando yake akaanza kuhesabu: Ibrahim Hussein 1988, Mwafrika wa kwanza kushinda pale, kisha Catherine Ndereba mara nne. Mzungu mmoja aliyepita akampigia makofi, sijui alidhani yeye ni nani.

Jambo moja la busara tulilofanya: hatukuchukua gari mapema. Maegesho ya hoteli za katikati ya mji yanaweza kukugharimu dola 50 au zaidi kwa usiku, na gari lenyewe hulihitaji. Lichukue siku unayoondoka.

Ijumaa, saa tano asubuhi

Tulipoingia hotelini Jumanne, mhudumu aliomba kadi ya kushika mkononi ya kuwekea amana, dola 100 kwa kila usiku, endapo tungevunja kitu au kula vitu vya friji. Nikampa kadi yangu ya benki. Dola 300 zikazuiwa, yaani Sh39,000. Hazikukatwa, zilizuiwa tu, na nikaambiwa zitaachiliwa tukiondoka.

Ijumaa tukaondoka. Hoteli ikasema tayari wameziachilia. Tukafika kaunta ya magari. Kodi ya gari ilikuwa imelipwa zamani, lakini nao walitaka amana, dola 500, na walitaka kadi halisi yenye jina la dereva. Kadi ya mtandaoni hapana. Nikatoa ile ya benki. Ikakataa, kwa sababu zile dola 300 hazikuwa zimerudi. Hoteli kuachilia ni jambo moja, na benki kukurudishia kwenye salio ni jambo lingine. Kwa kadi iliyotolewa nje ya Marekani inaweza kuchukua wiki au zaidi.

Mama alikuwa na pesa kwenye akaunti yake ya simu, za kutosha na kubaki. Ingekuwa kazi ya dakika moja kuzituma kwenye benki yangu. Ila laini yake haikuwa Boston. Aliiacha dukani na msichana anayemsaidia, maana wateja hulipia sukari na unga kwa nambari hiyo hiyo.

"Nimpigie nimwambie PIN," Mama akasema, na simu tayari sikioni. "Ni kama mtoto wangu."

"Hapana, Mama."

"Wewe unataka tulale hapa?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Kusema kweli nilitamani ampe. Msichana ni mwaminifu, nami nina hakika hangeiba hata shilingi. Lakini alikuwa dukani, simu imefunguliwa sauti, wateja wamejaa kwa sababu kule ilikuwa saa kumi na mbili jioni. PIN ikisomwa hapo imesomewa mtaa mzima. Na hizo zilikuwa akiba za Mama za miaka mitatu. Nikashikilia hapana yangu, naye akanyamaza ule unyamavu ambao kila mtoto anaujua.

Binamu yangu anaishi Lowell, saa moja hivi kwa treni, mji wenye Wakenya wengi. Mama alikuwa amekataa kulala kwake tangu mwanzo: "Maisha yangu yote nimelala kwa jamaa, mara hii nataka hoteli." Usiku huo tulilala Lowell. Chumba cha Lincoln kule milimani, dola 260 kisichorudishwa, kililala peke yake. Jumamosi binamu akaomba mwenzake amshikie zamu, na kwa kuwa kadi ya mkopo ilikuwa yake, dereva akawa yeye. "Anti, funga mkanda," akamwambia Mama. Kukawa na amani kiasi.

Barabara ya kwenye kalenda

Ukifuata barabara kuu ya I-93 kutoka Boston, Lincoln ni mwendo wa saa mbili na kitu, kama kilomita 210. Ushuru wa barabara za Massachusetts hukusanywa na kamera, hakuna pa kulipa taslimu, na kampuni ya gari itakutumia bili pamoja na ada yake. Uliza kabla hujawasha injini. Kwenye vituo vya mafuta, pampu nyingi huuliza msimbo wa posta wa Marekani ambao kadi yako haina, basi ingia ndani ulipe kwa mhudumu. Mafuta yao ni kwa galoni, karibu lita 3.8.

Jaza tangi ukiwa Lincoln. Barabara ya Kancamagus, nambari 112, inaenda hadi Conway, kilomita 55 hivi zisizo na kituo cha mafuta, duka wala hoteli, na mtandao wa simu hukatika sehemu kubwa. Ramani ipakue mapema. Baadhi ya maegesho hulipiwa dola 5 kwa siku, na huko hakuna mtandao wa kulipia kwa simu, kwa hivyo beba noti ndogo. Kilele cha barabara ni karibu mita 870 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa kuliko Thika, jambo ambalo Mama alilitangaza mara tatu. Kuna mabango ya kuonya kuhusu moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa farasi. Hatukumwona.

Kwa kuchelewa siku moja tuliangukia Jumamosi. Magari yalikuwa msururu, maegesho ya maporomoko ya Sabbaday yalijaa, tukazunguka mara mbili bila nafasi. Ijumaa pengine tungeingia bila shida. Lakini baada ya kona moja msitu ulifunguka bondeni, mwekundu na wa dhahabu hadi upeo wa macho, na Mama akaacha kuongea. Alishuka, akaokota jani, akaniuliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani. Nikamkumbusha kwamba mimea haiingizwi Kenya kiholela. Akalirudisha chini taratibu, baada ya kulipiga picha.

Ningepanga vipi leo

Ningehesabu amana zote mbili pamoja, dola 800, yaani Sh104,000 ambazo ni zako lakini huwezi kuzigusa, na ningezitenga mbali na pesa za chakula na mafuta. Amana ya hoteli ingekaa kwenye kadi moja na ya gari kwenye nyingine, zote halisi, ya pili ikiwa na jina la dereva. Ningepiga simu kwa kampuni ya gari kabla ya kulipa niulize kama wanapokea kadi ya benki ya Kenya, na leseni yetu wanaichukuliaje. Chumba cha usiku wa kwanza milimani ningelipia bei inayorudishwa, hata ikizidi kidogo.

Na laini ya simu yenye pesa husafiri na mwenyewe, ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka JKIA. Nambari za uthibitisho huja huko. Duka la Mama sasa lina till yake, tuliifungua wiki tuliyorudi, na msichana hahitaji tena kubaki na laini ya mtu.

Zile dola 300 zilirudi siku ya tisa, saa kumi alfajiri, tukiwa tayari Thika. Kalenda ya 2016 Mama ameitoa. Mahali pake pana picha yetu tukiwa kando ya barabara 112, mimi nimekatwa nusu ya kichwa, kwa sababu mpiga picha ni binamu.