Jibini ya Moto na Karanga: Yatokeayo Ndani ya Sufuria

Katika nchi ya Uswisi, wageni wa karamu za majira ya baridi huketi kuizunguka sufuria moja ya jibini iliyoyeyushwa katika divai nyeupe, kila mmoja akichovya vipande vya mkate. Mpishi aigaye rojo hiyo kwa kuweka jibini peke yake juu ya moto mkali hupata kitu kingine kabisa: donge gumu mfano wa mpira, likielea katika mafuta.

Sababu yake ni hii. Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, uliofungwa pamoja kwa kalsiamu, na ndani yake mmenaswa maji na chembe za mafuta. Mafuta huyeyuka mapema, yapata digrii 35 za Sentigredi. Wavu wenyewe hulegea baadaye, karibu na digrii 60. Joto likizidi mno, kaseini hukazana na kuyatoa maji na mafuta, kama nazi iliyokunwa inavyokamuliwa tui. Divai ina asidi ambayo, kama maji ya limau, hupunguza kalsiamu iliyoufunga wavu, kaseini ikapata kutawanyika na kuyashika mafuta. Mwaka 1911, Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun walitumia sodiamu sitreti, chumvi itokanayo na asidi ya limau, kwa kazi iyo hiyo; hapo ndipo ilipoanzia jibini ya viwandani iwekwayo koponi. Lakini maziwa yaliyogandishwa kwa limau tupu hutoa jibini isiyoyeyuka kamwe, jambo ambalo mwanafunzi aweza kulijaribu kwa kikombe kimoja cha maziwa.

Karanga zilizokaangwa na kutwangwa hutiwa mwisho, na hapa hatari si ya ladha. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus hustawi katika karanga zilizowekwa ghalani kabla ya kukauka vyema, akatoa sumu ya aflatoksini, ambayo hudhuru ini na huweza kuleta saratani. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960, waliokuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Moto wa jikoni hauimalizi: kuvu hufa, sumu hubaki. Karanga zilizosinyaa, zilizogeuka rangi au zenye uchungu zitupwe, wala wasipewe kuku. Hata iliyo safi machoni yaweza kuwa na sumu. Kwa hiyo kinga yenyewe huanza shambani, kwa kuzianika karanga juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu.