Kazi ya kwanza ya mhunzi: chuma cha kukwangulia matope

Masika yakiisha kushika, kila nyumba ya mjini huwa na vita vyake vidogo, na uwanja wa vita hivyo ni kizingiti cha mlango. Baba hurudi kazini na viatu vilivyovimba udongo. Watoto hurudi shuleni wamevaa soksi za tope. Na yule aliyepiga deki asubuhi hana budi kuipiga tena kabla ya chakula cha jioni. Gunia lililotandikwa mlangoni hunywa maji kwa muda wa saa moja tu, kisha nalo huwa tope. Wala jambo hili si la usafi wa macho pekee. Udongo wa mitaa yenye vyoo vibovu waweza kubeba mayai ya minyoo, na mtoto atambaaye sakafuni hutia mkono kinywani kabla mama hajawahi kumkataza.

Dawa ya vita hivi ni kipande cha chuma kilichosimamishwa nje ya mlango, ambacho mtu hupitisha soli yake juu yake mara mbili tatu, tope likabaki nje. Wengi wetu tumeona jembe kuukuu lililochomekwa ardhini kwa kazi hiyo. Katika miji ya Ulaya, kama vile London na Brussels, vyuma vya namna hii bado vyaonekana kando ya milango ya nyumba za kale, vimebaki tangu siku ambazo barabara zilijaa matope na mavi ya farasi. Ni chombo cha kawaida kabisa. Lakini leo, ndugu msomaji, twataka kukitazama kwa jicho jingine: kama kazi ya kwanza ya kijana anayetaka kujifunza uhunzi.

Kwa nini kianze hiki

Kijana anayeshika nyundo kwa mara ya kwanza hutamani kufua kisu au panga. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kisu chahitaji chuma cha pua, na pua yahitaji kutiwa makali kwa moto na maji kwa kipimo kisichosamehe. Joto likizidi kidogo, kisu huvunjika kama kigae, na huweza kumwumiza mtumiaji wake. Jembe nalo lina mkulima anayelitegemea. Chuma cha mlangoni hakina ukali huo. Kikiwa na upande mmoja uliopinda kidogo, kitakwangua tope vilevile. Hata hivyo, ndani yake mna mambo yote ya msingi ya uhunzi: kurefusha chuma, kukikunja, kukibapaza, kukitoboa kikiwa moto, na kukiunga kwa ribiti bila umeme wa kuchomelea. Mwanafunzi hupata masomo matano kwa chombo kimoja, na mwishowe nyumba hufaidika.

Tena ufundi huu si mgeni kwetu. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya utafiti wao katika nchi ya Wahaya, mkoani Kagera, wakionyesha kwamba wahenga wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi wa hali ya juu yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Huko Ufipa, Wafipa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu. Kazi hiyo ilizungushiwa miiko mingi, mmojawapo ukiwa ule wa kuwazuia wanawake wasikaribie tanuri. Miiko hiyo imepita. Binti wa leo asiambiwe kwamba nyundo si yake.

Vifaa

Tafuta vitu hivi kwanza. Chuma cha mviringo, laini na kisicho na mistari, chenye unene wa milimita 12, vipande viwili vya sentimita 50 kila kimoja: hivi ndivyo vitakavyokuwa miguu. Chuma bapa chenye upana wa sentimita 4, unene wa milimita 6 na urefu wa sentimita 30: huu ndio ubao wa kukwangulia. Ribiti mbili za milimita 8. Ukiwa huna ila nondo ya ujenzi, yaweza kutumika, lakini usiizamishe majini ikiwa nyekundu, kwani nondo nyingine hukakamaa na kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Springi za magari ziache kwa siku za mbele.

Zana ni nyundo ya kilo moja, koleo, tindo, tupa, na chuma chenye ncha butu cha kutobolea. Fuawe la kununua ni ghali, na pande zito la chuma cha pua lililofungwa juu ya gogo latosha. Mafundi wengi hupenda kipande cha reli, nacho ni kizuri kweli. Lakini hakikisha kimepatikana kwa njia ya halali, maana reli iliyong'olewa njiani ni roho za abiria. Gogo liwe na kimo ambacho, ukisimama wima na kukunja ngumi, vifundo vya vidole vyako vinagusa uso wa fuawe. Fuawe likiwa chini zaidi mgongo utauma; likiwa juu zaidi bega litachoka.

Moto ni wa mkaa wa miti, katika shimo au karai lililosiribwa udongo, ukipulizwa kwa mvukuto au kwa feni ndogo inayozungushwa kwa mkono kwa njia ya gurudumu la baiskeli, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kando ya barabara. Usiuwashe ndani ya nyumba kamwe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu aliyelala bila kumwamsha.

Kabla ya pigo la kwanza

Vaa miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunika mguu wote, na nguo za pamba. Nailoni ikipatwa na cheche huyeyuka na kugandamana na ngozi. Weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu. Watoto wakae mbali, na wajue sababu: chuma kilichokwisha kuwa cheusi bado chaweza kuwa na joto la kuchoma mkono hadi mfupani. Ajali nyingi za uhunzi hutokana na chuma kilichodhaniwa kimepoa, si na kile chekundu ambacho kila mtu hukiogopa. Vilevile usitie motoni bomba au chuma kilichopakwa zinki. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka.

Kusoma rangi ya chuma

Mhunzi hana kipimajoto. Ana macho yake. Ndiyo maana kazi hii hufanyiwa kivulini, kwa sababu jua huficha rangi ya chuma. Wekundu wa giza ni joto lisilotosha: ukipiga hapo, utachosha mkono na kukipasua chuma. Subiri mpaka rangi ifanane na chungwa lililoiva, ikielekea manjano. Hapo chuma hutii nyundo. Kikianza kuwa cheupe na kutoa cheche kama fataki, kinaungua, nacho hakirudi tena kuwa chuma kizuri. Piga mapigo machache yenye nia, kisha kikirudia wekundu wa giza, kirudishe motoni bila kusita. Mwanafunzi asiye na subira hupiga chuma kilichopoa, fundi hungoja.

Miguu miwili

Anza na ncha ya juu ya mguu wa kwanza. Pasha moto sentimita 8 za mwisho, uzirefushe ziwe nyembamba kama mkia wa panya. Hapa ipo siri moja: usikipige chuma cha mviringo huku ukikizungusha ovyo, kwani kiini chake kitafunguka na kupasuka. Kifanye mraba kwanza, ukipiga upande mmoja kisha kukigeuza robo duara. Kikisha kuwa chembamba katika mraba, vunja zile kona kiwe na pembe nane, ndipo ukiviringishe.

Sasa ikunje ncha hiyo. Ipashe moto, iachie itokeze nje ya ukingo wa fuawe kadiri ya sentimita moja, uipige polepole iiname. Igeuze, uipige kwa kuirudisha kuelekea kwako, ikijiviringa kama unyoya wa mkia wa jogoo. Sogeza chuma kidogo kidogo hadi upate mviringo unaopendeza, ukielekea upande wa nje.

Kisha pima sentimita 27 kutoka mwisho wa chini. Pasha moto mahali hapo, upabapaze hadi unene ubaki kama milimita 6, ili tundu lipate nafasi. Mwishowe kunja sentimita 5 za chini kwa pembe mraba. Huo ndio mzizi utakaoshikwa na saruji.

Mguu wa pili ndio mwalimu. Wa kwanza waweza kuwa mzuri kwa bahati. Wa pili lazima ufanane na wa kwanza, na hapo bahati haisaidii. Chora umbo la mguu wa kwanza kwa chaki juu ya sakafu ya saruji au bati, na kila mara ulinganishe wa pili na mchoro huo kabla ya kuurudisha motoni. Ukiona umekosea, usiutupe. Chuma si mti. Kilichokunjwa vibaya hupashwa moto kikanyoshwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kutoboa na kuunga

Tundu la ribiti hutobolewa chuma kikiwa na rangi ya chungwa. Weka chuma cha kutobolea katikati ya ile sehemu bapa, ukipige mapigo matatu au manne, ukitoe na kukipoza majini, kisha uendelee. Utakapohisi pigo limekuwa gumu, kana kwamba wapiga fuawe lenyewe, geuza mguu. Upande wa pili utaona doa jeusi, maana hapo chuma kimepoa kwa kubanwa na fuawe. Weka ncha juu ya doa hilo, sogeza kazi juu ya tundu au mwanya ili ncha isiliumize fuawe, na upige. Kijisarafu kidogo cha chuma kitadondoka, na tundu litakuwa safi.

Ubao nao utobolewe matundu mawili yaliyoachana sentimita 25, katikati ya upana wake. Ukiona chuma bapa ni kigumu kwako, tumia keekee, hakuna aibu. Piga tupa ukingo wa juu wa ubao uwe umenyooka, lakini usiutie makali. Kazi yake ni kukwangua soli, na mtoto atakayejikwaa juu yake asikatwe.

Laza ubao mbele ya miguu yote miwili, pitisha ribiti, na uache milimita 12 za shina zitokeze nyuma, yaani mara moja na nusu ya unene wake. Pasha moto shina hilo, kisha ulipige taratibu kwa kulizunguka mpaka liwe kichwa cha uyoga. Likipoa litajivuta na kubana zaidi. Anayeona ribiti ni nzito kwake atumie boliti na nati kwa mara hii.

Kukisimamisha

Sugua magamba meusi kwa burashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi uipendayo. Chimba shimo la sentimita 15 kando ya njia ya mlango, mahali ambapo mtu hatajikwaa gizani, na pembeni kuwe na ukuta au nguzo ya kushika kwa ajili ya wazee. Changanya saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne. Simamisha chuma chako, mwaga zege, hakikisha miguu imezama sentimita 10 na ubao umelala sawa. Linyunyizie maji kwa siku 7 kabla ya mtu kukitumia.

Kijana atakayependa kuendelea ana pa kwenda. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ilianzishwa mwaka 1994. Yote mawili yanahusika na ufundi wa vyuma. Lakini hata kabla ya kufika huko, fundi wa mtaani aliye na tanuri lake ni mwalimu wa karibu. Mwamkie kwa heshima, mwombe akuruhusu kuvuta mvukuto siku chache, na uyatazame macho yake yanavyosoma moto.

Nanyi wazazi, mwanenu akileta nyumbani chuma chake cha kwanza, msikipeleke uani kwa sababu mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Kisimamisheni mlangoni. Kila atakayekanyaga hapo mvua ikinyesha atakuwa anaikubali kazi ya mikono yake, na chuma cha pili kitakuwa kizuri zaidi.