Dakika ya Kugeuza Santuri

Mwanamuziki wa Tanzania Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki kwa ajali ya barabarani mjini Mombasa, Januari 1979. Huku Mukurweini, Kenya, kuna mzee ambaye hadi leo anajua ni wapi hasa wimbo wake wa "Shida" ulikuwa ukikatika.

Vijana wa sokoni humwita Guka, yaani babu. Alikuwa mchezesha santuri katika baa miaka ile kahawa ilipopanda bei, baada ya barafu kuunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975. Nilimwendea kuuliza habari za kahawa, hakutaka. Alitaka kuzungumzia santuri.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika nne au tano kila upande. Wimbo wa dansi haukutosha humo, kwa hiyo ulipasuliwa: Sehemu ya 1 huku, Sehemu ya 2 kule. Guka anasema upande wa kwanza ulikuwa wa kusikiliza, Mbaraka akieleza na gita likimjibu, halafu kimya, watu wakiwa bado wameshikana. Hapo kazi yake ilianza. Kuinua mkono wa gramafoni. Kugeuza santuri kwa kuishika kingo tu, vidole visiguse mifereji. Kuipitisha kitambaa. Kushusha sindano bila kukwaruza. Akikawia, watu wanarudi mezani na uwanja unavunjika. Akiharakisha, sindano inaruka. Kwa hiyo alikuwa akiendeleza mapigo kwa mguu, sakafuni, mpaka gita la upande wa pili liyapokee.

Kwangu mimi, huyo naye alikuwa mpigaji katika bendi.

Mbaraka alikuwa ameondoka bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda yake, Super Volcano. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Muziki wake ulichapwa Nairobi, na kutoka mtaa wa River Road huko ukapanda matatu hadi kwenye miteremko hii ya Wakikuyu.

Nilimchezea Guka "Shida" kwenye simu, pande zote mbili zikiwa zimeungwa. Hakupendezwa. Anasema wimbo umenyimwa pumzi. Anaamini Mbaraka alipanga mwenyewe mahali pa kusimama, akijua kuna mtu kama yeye atakayegeuza. Mimi nadhani ni fundi wa studio aliyetazama saa, akakata.

Guka aliniuliza kama fundi anaweza kukata vizuri namna ile kwa bahati tu. Sikuwa na la kumjibu.