Picha ya Marehemu na Madoa Yake

Msiba wa Uchaggani hauendi bila picha. Jeneza linapotolewa nyumbani kwenda kaburini, palepale kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, kijana mmoja wa ukoo hutangulia na msalaba, na mwingine hushika picha ya marehemu iliyotiwa fremu. Mazishi yakiisha picha inarudi sebuleni, inatundikwa ukutani, na wajukuu wanamjua babu yao kwa sura hiyo. Ndiyo maana usiku wa kwanza wa msiba, wazee wakiwa bado kwenye bajeti na kina mama wakikusanya masufuria, kuna mtu ameshatumwa kufungua sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, atafute picha ya kukuzwa.

Anachokipata mara nyingi kina kasoro. Picha ya harusi imekuwa nyekundu tupu, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, na maharusi wamegeuka rangi moja. Ya Krismasi ina mchirizi wa rangi ya chungwa. Ya kipaimara ina vidoa vya mviringo. Familia inasema zimeharibika, na picha inayokwenda studio mjini Moshi ni ile ya pasipoti, ambayo marehemu amekunja uso kwa ajili ya kitambulisho. Nasikitika kila ninapoliona hilo, kwa sababu kasoro nyingi zina chanzo kinachojulikana, na baadhi hutibika.

Wekundu kwanza. Picha ya rangi imejengwa kwa tabaka tatu za rangi: ya buluu-kijani, ya zambarau-nyekundu na ya manjano. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1970, ile ya buluu-kijani ndiyo hufifia mapema, hata picha ikikaa gizani ndani ya sanduku. Hapo fundi hana kosa na wala bibi hakuitunza vibaya. Fundi wa leo mwenye skana na kompyuta anaweza kurudisha sehemu kubwa ya rangi iliyofifia, mradi karatasi yenyewe haijachanika wala kuota ukungu.

Kinachosaidia kuliko vyote ni negativu, ile filamu yenyewe iliyotoa picha, na ndiyo watu wengi waliyoitupa. Ukiipata kwenye bahasha ya studio, ishike kwa kingo, iinue dhidi ya dirisha, usianze na sura za watu. Tazama ukingoni kwenye matundu, mahali kiwanda kilipoandika namba na jina la filamu. Namba zikiwa zimekolea ilhali watu wamepauka, mpiga picha ndiye hakutoa mwanga wa kutosha. Namba nazo zikiwa hafifu, filamu haikuiva wakati wa kusafishwa: dawa ilikuwa imechoka, imepoa, au muda ulikatwa. Mchirizi ukivuka picha hadi kwenye matundu, mwanga uliingia nyuma ya kamera, pengine mtu aliifungua kabla mkanda haujarudishwa. Vidoa vya mviringo vyenye kingo safi ni mapovu ya hewa yaliyong'ang'ania filamu ndani ya dawa. Alama za matone meupe ni chumvi ya maji yaliyokaukia juu yake, na hizo aghalabu hutoka negativu ikisuuzwa upya taratibu kwa maji safi.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni ya desturi zetu hasa. Desemba Wachagga hurudi nyumbani Kilimanjaro, na zamani aliyekuwa na kamera alikuja na mkanda wa picha 36. Picha chache zilipigwa Krismasi: wazee wamekaa kwenye viti, watoto chini, kina baba wamesimama nyuma na suti zao. Mkanda haukuisha, na kusafisha mkanda nusu ilionekana ni hasara, basi kamera ikarudi nao Dar es Salaam, ikangoja ubatizo, ikangoja Pasaka. Filamu iliyopigwa ikakaa miezi kwenye joto bila kusafishwa hupoteza nguvu na rangi zake huyumba. Kwa hiyo katika bahasha moja picha za Pasaka zinaweza kung'aa, na za Krismasi zikawa na utando.

Usafishaji wenyewe hausamehe. Filamu ya rangi, kwa utaratibu wa C-41 unaotumika tangu 1972, hutaka dawa ya kwanza iwe na nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Anayetaka kusafisha mwenyewe nyumbani huko Marangu au Kibosho, hasa filamu kubwa ya kamera ya miguu mitatu, ile ya kipande kimoja kwa kila picha, atapambana na baridi ya Juni na Julai. Trei pana hupoteza joto upesi, kwa hiyo ikae ndani ya beseni la maji moto, na kipimajoto kisiondoke. Vipande viwili vikipandana gizani, kona ya kimoja hukwaruza uso wa kingine. Asipotikisa kwa mpangilio, mbingu juu ya kilele cha Kibo itatoka na mawimbi.

Filamu nyeusi na nyeupe husafishwa kwa nyuzi 20 hivi, na kwa hiyo maji baridi ya mlimani ni neema. Wamisionari wa Leipzig waliokaa Old Moshi na Machame tangu miaka ya 1890 waliacha picha nyingi za Wachagga, na katika zama hizo vioo vilitumika sana badala ya filamu. Picha hizo ni za fedha, si za rangi, na bado zinaonyesha nyuzi za nguo na mishipa ya mikono. Nakala zake zimehifadhiwa hata California, kwenye Chuo Kikuu cha Southern California. Inauma kwamba sura za watu wa enzi za Mangi, watawala wetu wa jadi, zimebaki wazi kuliko za shangazi zetu wa juzi.

Picha ikiwa imeganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Ipigwe picha kwanza ikiwa humohumo, kwa mwanga wa pembeni. Na fundi aelezwe kabisa afute nini: mapovu, michirizi na wekundu aondoe. Kovu la shavuni aliache, shuka asiigeuze suti, wala asimng'arishe meku, mzee wetu, ngozi.